Georgia na Armenia: Rekodi za Majirani Wawili, Pamoja na Masharti Yake

Ukipanda gari Tbilisi kuelekea Yerevan, jiandae kusikia mambo makubwa. Mwongoza watalii wa Georgia atakuambia mvinyo ulianza kwao. Ukivuka mpaka, mwenzake wa Armenia atakuambia Ukristo wa dola ulianza kwao, na atakuongezea kiatu cha ngozi na gari la waya. Nchi zenyewe ni ndogo: ukizijumlisha unapata kilomita za mraba 100,000 hivi. Lakini rekodi wanazojivunia zingeitosha bara zima.

Safari ya kuziona zote mbili huchukua siku 8 hadi 10, na kwa kawaida huanzia Georgia, kwa sababu mipaka ya Armenia na Uturuki na Azerbaijan imefungwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Njia hupita milima inayofika mita 5,000, makorongo, na monasteri zilizojengwa mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili.

Karibu kila rekodi utakayoambiwa ni ya kweli, ila ina sharti lake. "Ya kwanza" huwa ni ya kwanza ya aina fulani, na "ya juu" hutegemea unapimia wapi. Hizi hapa zinazostahili safari, kwa kufuata njia, pamoja na sharti pale lilipo.

Mifupa ya binadamu ya kale kuliko yote nje ya Afrika: Dmanisi

Kusini-magharibi mwa Tbilisi, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, kuna kilima chenye magofu ya mji wa zama za kati. Wanaakiolojia walikuwa wanauchimba mji huo wakati mashimo ya kale ya kuhifadhia nafaka yalipoanza kutoa mifupa ya wanyama waliokwisha kutoweka, likiwemo jino la kifaru. Mwaka 1991 likatoka taya la binadamu. Baadaye yakapatikana mafuvu matano, yote ya miaka kama milioni 1.8.

Msomaji wa Afrika Mashariki hapa ana haki ya kutabasamu. Zana za mawe zilizokutwa na mifupa hiyo ni za aina ileile inayoitwa Oldowan, kutokana na bonde la Olduvai kule Tanzania: jiwe limegongwa kwa jiwe mpaka upande mmoja ukapata makali. Wenye zana hizo walikuwa wadogo wa umbo, na ubongo wa mmoja wao haukufikia nusu ya wetu, lakini miguu yao iliwafikisha Kaukazi.

Fuvu moja ni la kulitazama kwa utulivu. Mwenyewe alikuwa amebakiwa na jino moja tu, na mfupa wa taya umeziba mashimo ya meno mengine. Mfupa hauzibi hivyo kwa wiki mbili, kwa hiyo aliishi miaka kadhaa akiwa kibogoyo. Watafiti wengine wanaona huenda wenzake walimtafutia chakula laini, ingawa jambo hilo bado linabishaniwa.

Sharti: rekodi ni ya mifupa. Kwa zana za mawe, China imekwisha kutangaza za miaka milioni 2.1.

Mvinyo wa zabibu wa kale kuliko wote: kusini mwa Tbilisi

Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba vigae vya mitungi kutoka Gadachrili Gora na Shulaveris Gora, vijiji vya wakulima wa kale, vina mabaki ya asidi ya zabibu. Umri wake ni wa tangu mwaka 6000 hivi kabla ya Kristo. Rekodi ikahama kutoka Iran, iliyokuwa imeishikilia kwa mitungi iliyopungua umri huo kwa karne kadhaa.

Cha kuvutia zaidi ni kwamba njia ya kale ya kutengeneza mvinyo bado iko kazini. Mtungi mkubwa wa udongo, uitwao qvevri, hufukiwa ardhini hadi mdomoni. Zabibu zilizokanyagwa hutiwa humo, mara nyingi pamoja na maganda, mbegu na vikonyo, kisha mtungi hufunikwa na kuachwa kwa miezi. Mvinyo mweupe hutoka na rangi ya kaharabu, na ukali unaoshika ulimi kama chai ya rangi iliyokolea. Mtungi ukishamalizwa husuguliwa kwa brashi ya magome ya mcheri yenye mpini mrefu. UNESCO iliitambua kazi hii mwaka 2013.

Mahali pazuri pa kuona haya ni Alaverdi, katika mkoa wa Kakheti, ambako watawa wenyewe ndio watengenezaji. Kanisa lao kuu la karne ya 11 lina kimo cha zaidi ya mita 50, na halikuwa na mpinzani Georgia nzima hadi kanisa kuu la Sameba lilipozinduliwa Tbilisi mwaka 2004.

Sharti: ni mvinyo wa zabibu tupu. China ina mabaki ya kinywaji cha mchanganyiko wa mchele, asali na matunda ambacho ni cha kale zaidi.

Kijiji cha juu kuliko vyote Ulaya: Ushguli au Bochorna?

Ushguli, katika mkoa wa Svaneti, kiko juu ya mita 2,100, chini ya mlima Shkhara ambao ndio mrefu kuliko yote Georgia. Nyumba zake zina minara ya mawe iliyojengwa kwa ajili ya ulinzi, dhidi ya wavamizi na pia dhidi ya jirani mwenye kisasi. Eneo hilo ni Urithi wa Dunia tangu 1996.

Kwa miaka mingi Ushguli kilitajwa kuwa kijiji cha juu kuliko vyote Ulaya chenye watu mwaka mzima. Kisha Bochorna, katika mkoa wa Tusheti, kikaja na mita zake 2,345. Tatizo ni kwamba majira ya baridi Bochorna karibu hakuna mtu: barabara ya kwenda huko hupita Abano, juu ya mita 2,800, na hufunguliwa miezi michache tu ya kiangazi.

Sharti hapa ni mawili. Kwanza, uamue idadi ya watu inayotosha kukiita kijiji kijiji. Pili, uamue Ulaya inaishia wapi, na hilo wanajiografia hawajakubaliana mpaka leo.

Kanisa lililoukataa waya: Gergeti

Barabara ya kale ya kijeshi kutoka Tbilisi hupanda hadi zaidi ya mita 2,300, kisha hushuka Stepantsminda. Juu ya mji huo, kwenye mita 2,170, limesimama kanisa la Utatu la Gergeti, la karne ya 14, na nyuma yake mlima Kazbek wenye zaidi ya mita 5,000. Ni miongoni mwa picha za Georgia zinazochapishwa mara nyingi zaidi.

Umbali wake na watu ulikuwa na faida. Wakati wa hatari, hazina za kanisa la Mtskheta, ukiwemo msalaba wa Mtakatifu Nino, zilipandishwa huku zifichwe. Mwaka 1988 serikali ya Kisovieti ilijenga gari la waya la kuwafikisha watu kanisani. Wenyeji waliona patakatifu pao pamenajisiwa, wakaliondoa. Siku hizi kuna barabara ya lami, lakini anayepanda kwa miguu kupitia kijijini hufika akiwa na hamu zaidi ya kukaa.

Mwanamke wa kwanza kuitawala Georgia: Vardzia

Tamar alitawala kuanzia 1184 hadi 1213, na akapewa cheo kilekile cha mfalme walichopewa wanaume. Ukitaka kumwona, nenda Vardzia, kusini kabisa. Jabali zima limechongwa vyumba, ngazi, ghala za mvinyo na kanisa, ghorofa juu ya ghorofa, mamia ya vyumba. Baba yake, Giorgi III, ndiye aliyeanza kazi, na binti akaiendeleza. Ndani ya kanisa wamechorwa ukutani wote wawili, na mchoro huo wa Tamar ulichorwa angali hai.

Awali vyumba vingi vilikuwa vimefichika ndani ya mlima. Tetemeko la ardhi la mwaka 1283 liliubomoa uso wa jabali na kuyaacha makao ya watawa wazi mbele ya kila apitaye bondeni. Mandhari ambayo watalii huipiga picha leo ni jeraha la siku ile.

Pango lenye kina kirefu kuliko yote duniani, usilolifikia

Katika milima ya Arabika, Abkhazia, kuna pango la Veryovkina, linaloshuka zaidi ya mita 2,200 ardhini. Jirani yake Krubera ndilo lililokuwa la kwanza kuvuka mita 2,000, mwaka 2004. Nchi nyingi zinaitambua Abkhazia kuwa sehemu ya Georgia, lakini serikali ya Tbilisi haina mamlaka huko tangu vita vya 1992 na 1993. Rekodi ipo, ila haimo kwenye ratiba ya mtalii yeyote wa kawaida.

Ujirani wa ajabu kuliko wote: Sanahin

Ukishavuka mpaka wa Sadakhlo, korongo la mto Debed linakupokea na monasteri mbili za karne ya 10, Haghpat na Sanahin, zote Urithi wa Dunia. Kumbi za Sanahin zimesakafiwa kwa mawe ya makaburi, kwa hiyo huna pa kukanyaga pengine. Kutoka hapo, mwendo mfupi, kuna ndege ya kivita aina ya MiG-21 imeegeshwa mbele ya nyumba ya makumbusho. Sanahin ndiko walikozaliwa ndugu wawili: Artem Mikoyan, mmoja wa waasisi wa ndege za MiG, na Anastas Mikoyan, aliyedumu katika uongozi wa juu wa Kisovieti tangu enzi za Stalin hadi za Brezhnev. Kudumu hivyo ni rekodi ya aina yake, maana wengi waliokaa meza moja na Stalin hawakuzeeka.

Ziwa kubwa kuliko yote Kaukazi: Sevan

Ziwa Sevan liko mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Monasteri ya Sevanavank ilianzishwa mwaka 874 kisiwani, na kwa muda mrefu mahali hapo palitumika kuwatia adabu watawa waliokosea.

Leo unakwenda kwa miguu. Katika karne ya 20 maji ya ziwa yalitolewa kwa wingi ili kuzalisha umeme na kumwagilia mashamba ya bonde la Ararat, mpaka kina kikashuka kama mita 20 na kisiwa kikaungana na bara. Ili kuliokoa ziwa, ulichimbwa mfereji wa kilomita 49 kupita chini ya milima kuleta maji ya mto Arpa, ukakamilika mwaka 1981. Simama kwenye ngazi za monasteri utazame ufuko ulioko chini: vioski vya vinywaji na maegesho ya magari yako mahali palipokuwa maji.

Kitabu kizito na kitabu chepesi: Matenadaran, Yerevan

Yerevan wenyewe una jiwe la maandishi ya kabari linaloeleza kujengwa kwa ngome ya Erebuni mwaka 782 kabla ya Kristo. Kwa tarehe za mapokeo, Roma ni mdogo wake kwa miaka 29.

Lakini rekodi bora ya mji huu iko juu ya kilima, katika hifadhi ya miswada iitwayo Matenadaran, yenye miswada na vipande vyake kama 23,000. Waarmenia walipata alfabeti yao mwaka 405 kwa kazi ya mtawa Mesrop Mashtots, na tangu hapo hawakuacha kunakili. Mkubwa kuliko yote ni mswada wa mahubiri wa Mush, ulioandikwa kati ya 1200 na 1202 kwenye ngozi za ndama. Una uzito wa kilo 27 na nusu. Kurasa zake ni pana kuliko trei ya chai, na ngozi imekunjamana pembeni kwa unyevu.

Unyevu huo una historia. Mwaka 1915, wakati wa mauaji ya kimbari ya Waarmenia, wanawake wawili waliokuwa wanakimbia waliukuta mswada, wakaona haubebeki, wakaugawa nusu kwa nusu. Nusu moja ilifikishwa kanisa kuu la Etchmiadzin. Nyingine ilifukiwa ardhini Erzurum, ikapatikana baadaye. Karibu na mswada huo imewekwa kalenda ya kanisa ya mwaka 1434, ndogo kama kiberiti, yenye uzito wa gramu 19. 

Hekalu pekee la aina yake: Garni

Hili ndilo jengo pekee la nguzo la Kigiriki na Kirumi lililosimama katika nchi zote zilizokuwa za Umoja wa Kisovieti. Ni la karne ya 1. Sharti lake limo katika neno "lililosimama": tetemeko la 1679 liliangusha lote, na lilijengwa upya kati ya 1969 na 1975. Wajenzi walikuwa waungwana: palipokosekana jiwe la kale waliweka jipya lisilo na nakshi, ili mtazamaji asidanganyike. Endelea na barabara hiyohiyo hadi Geghard, monasteri iliyochongwa nusu yake ndani ya mwamba, ambako sauti ya mwimbaji mmoja hujaza chumba kizima.

Dola ya kwanza ya Kikristo: Khor Virap na Etchmiadzin

Mapokeo yanasema mfalme Tiridates III alimtupa Gregori, mhubiri wa Kikristo, shimoni kwa miaka 13, kisha akaugua, akamtoa amponye, akabatizwa pamoja na watu wake mwaka 301. Shimo lipo Khor Virap, chini ya kanisa. Unashuka kwa ngazi ya chuma iliyosimama wima, kwenye tundu ambalo mtu mnene atalijutia, mpaka chumba cha mawe chenye joto na moshi wa mishumaa. Ukitoka, mlima Ararat wenye mita 5,137 uko mbele yako, ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Ni nembo ya Armenia, lakini uko Uturuki.

Gregori ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa kanisa kuu la Etchmiadzin, linalohesabiwa miongoni mwa makanisa makuu ya kale kuliko yote duniani, ingawa limejengwa upya na kuongezwa mara nyingi.

Sharti: wanahistoria kadhaa huusogeza mwaka huo hadi 314 hivi. Hata hivyo Armenia inabaki mbele ya Georgia na mbele ya Aksum, dola ya kale ya Ethiopia, zilizofuata katika karne hiyohiyo ya 4. Na jambo linalowashangaza wengi: kanisa la Armenia lina ushirika na lile la Ethiopia lililo mbali, wala si na lile la Georgia la jirani. Waarmenia na Waethiopia hawakuupokea mtaguso wa Kalsedonia wa mwaka 451, na Wageorgia wakaishia upande wa walioupokea.

Kiatu cha ngozi cha kale kuliko vyote: Areni

Mwaka 2008, katika pango lililoko karibu na monasteri ya Noravank, ulichimbuliwa mguu mmoja wa kiatu, wa kulia, wa miaka kama 5,500. Kimekatwa kwenye kipande kimoja cha ngozi ya ng'ombe, kikafungwa kwa kamba za ngozi mbele na nyuma, na ndani yake palikuwa na nyasi. Ni saizi 37. Kilihifadhiwa na ukavu wa pango na tabaka nene la samadi ya kondoo lililokifunika. Ni cha kale kuliko piramidi kubwa la Giza kwa takriban miaka 1,000. Usikitafute pangoni: kiko katika Makumbusho ya Historia, Yerevan.

Katika pango hilohilo palikutwa beseni la kukanyagia zabibu na mitungi, vya miaka 6,100 hivi, ndiyo karakana kongwe zaidi ya mvinyo inayojulikana. Kwa hiyo ugomvi wa majirani juu ya mvinyo unasuluhika: Georgia ina mvinyo wa kale zaidi, Armenia ina karakana ya kale zaidi.

Sharti la kiatu: ni cha ngozi. Ndara za kusukwa kwa majani, kule Marekani, zina maelfu ya miaka zaidi.

Gari la waya refu kuliko yote la aina yake: Tatev

Mwisho wa njia ni monasteri ya Tatev, ya karne ya 9, kwenye ukingo wa korongo la mto Vorotan. Katika karne ya 14 na 15 ilikuwa chuo kikuu. Tetemeko la 1931 liliangusha kuba lake na mnara wa kengele. Uani kuna nguzo ya mawe ya mita kama 8 inayosimuliwa kwamba ilikuwa ikiyumba ardhi inapotikisika, kisha ikarudi wima yenyewe.

Tangu Oktoba 2010 unaweza kufika kwa gari la waya la mita 5,752, linaloenda moja kwa moja bila kituo kwa dakika kama 12, mahali pengine likiwa mita 320 juu ya korongo. Guinness iliiandikisha rekodi hiyo. Sharti lake ndilo refu kuliko yote katika orodha hii: ni kwa magari ya waya yanayokwenda na kurudi kwenye nyaya pacha bila kusimama. Vietnam ina njia ya waya ndefu zaidi, ila ya mfumo mwingine. Tatev na Gergeti zote ni nyumba za ibada za milimani, na kila moja ilijengewa waya. Gergeti waliuondoa, Tatev wamejenga mapato ya kijiji juu yake.

Kabla hujafunga begi

Mei, Juni, Septemba na Oktoba ndiyo miezi mizuri, na mavuno ya zabibu huwa Septemba na Oktoba. Kila nchi ina viza yake, kwa hiyo kama utarudi Tbilisi kupanda ndege hakikisha viza yako ya Georgia inaruhusu kuingia mara ya pili. Lari, sarafu ya Georgia, haitumiki Armenia, wala dramu ya Armenia haitumiki Georgia. Makanisani wanawake hufunika kichwa na wanaume hawaingii na kaptula. Gari la waya la Tatev huwa na siku za matengenezo, basi ulizia kabla ya kuanza safari ya saa nne au tano kutoka Yerevan.

Siku zikiwa chache, acha Ushguli, kwa sababu barabara yake itakula siku mbili za ratiba, na Vardzia pia ikibidi. Usiiache Dmanisi, wala Khor Virap. Na kama muda unatosha kuona rekodi moja tu, nenda Matenadaran. Haihitaji hali nzuri ya hewa wala gari la milimani, na katika orodha yote hii ndiyo rekodi ambayo mtu anaweza kuimaliza kwa mizani: kilo 27 na nusu upande huu, gramu 19 upande ule.